Usiachie Hendeli

Kikombe cha kwanza kilimkosa, kikapasukia ukutani. Cha pili kilimpata juu ya jicho.

"Umeniua!" alipiga kelele Daktari, utadhani yeye ndiye anayetokwa na damu. "Fundi, umeniua huku nakuona!"

Fundi alisimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta, bisibisi mkononi, damu ikimteremka kwenye nyusi na kumwingia jichoni. Hakuipangusa. Alikuwa anakitazama kikombe cha tatu, kile kikubwa cha bati, ambacho Daktari alikuwa amekwisha kukikamata.

"Hicho kina chai ya moto," alisema.

"Najua kina chai ya moto!"

"Basi inywe kwanza, halafu unipige na kikombe."

Siku nyingine Daktari angecheka mpaka aegemee meza. Leo alizidi tu kukikaza kikombe.

Ilikuwa saa kumi za alasiri. Wiki ile kituo cha darubini kilikuwa na watu wawili, wengine wameshuka mlimani kwenda likizo, na wawili wenyewe ndio hao. Daktari hakuwa wa sindano na vidonge. Alikuwa daktari wa nyota, amesoma mpaka shule zikamwishia, na kazi yake ilikuwa nyota zinazolipuka, zile wanazoziita supanova. Fundi aliacha shule darasa la sita. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha darubini inatazama inakotakiwa kutazama, na kuba la bati lililoifunika linazunguka pamoja nayo. Miaka miwili waliitana Daktari na Fundi, na hata walipopendana hawakubadilisha. Kila mmoja alishaonja jinsi jina lake lilivyo tamu mdomoni mwa mwenzake.

Supanova za kawaida zina subira. Hupanda kwa wiki kadhaa, zikafifia kwa miezi. Hii haikuwa na subira. Iliibuka pembeni mwa galaksi moja ndogo ya rangi ya buluu, ikafika kileleni kwa siku tatu, na tangu hapo kila baada ya siku mbili ilikuwa inabaki nusu. Leo ilikuwa siku ya kumi na mbili. Daktari alikuwa ameiwinda nyota ya aina hiyo kwa miaka sita. Alichotaka ni kuupitisha mwanga wake kwenye mwanya mwembamba wa chombo chao, utoke umetawanyika kama upinde wa mvua, ili asome kwenye zile rangi nyota ilikuwa imebeba nini na kwa nini imekufa mbio namna ile. Bila hivyo angebaki na nukta kwenye picha, na nukta haina maneno.

Siku kumi za mwanzo waliifuata kwa taarifa za vituo vingine tu, maana mawingu ya mlimani hayakubanduka. Jana yakabanduka. Na jana ndipo Fundi alipoharibu.

"Niambie tena," alisema Daktari. Kikombe amekishusha, lakini hajakiachia. "Polepole. Kama unamwambia mtoto."

"Nililenga kitovu cha galaksi."

"Sawa. Kwa sababu nyota ni hafifu mno, haionekani. Tunalenga kwanza kitovu. Halafu?"

"Halafu nasogeza pembeni kidogo, mpaka kwenye nyota."

"Ukasogeza?"

"Sikusogeza."

"Hukusogeza! Nimeacha jicho la kamera wazi dakika arobaini. Nimechambua tangu asubuhi, sijala, natafuta nyota yangu, nakuta galaksi! Galaksi tupu! Safi, imetulia kama bibi harusi, na nyota haimo!"

"Na wewe skrini ilikuwa mbele yako," Fundi alisema. Hakuwa mtu wa kumeza neno. "Ulishindwaje kuona?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe, bwege wewe!"

Wote wawili walikuwa wamekumbuka kitu kilekile. Jana jioni, dakika ileile ambayo Fundi alitakiwa kubonyeza kitufe cha kusogeza, Daktari alimkamata ukosi wa shati akamwambia, "Nitaolewa na wewe, hata kama Mama atavaa nyeusi mwaka mzima." Mtu akiambiwa hivyo, kidole kinasahau kitufe.

Daktari alikibamiza kikombe mezani, chai ikaruka. Akamwendea Fundi, akamshika uso kwa mikono miwili, akaanza kumfuta damu kwa mkono wa sweta kama anayesugua sufuria.

"Inauma," alisema Fundi.

"Iume."

Akambusu kwa hasira, meno yakagonga meno.

"Leo ndiyo mwisho," alisema, paji lake la uso limegandamiza la Fundi, damu ikimpaka na yeye. "Saa moja jioni galaksi iko juu kidogo ya ukingo wa mlima. Saa mbili imezama. Wiki ijayo itakuwa nyuma ya jua, na itakapotoka huko, nyota yangu ni majivu. Leo, Fundi."

"Leo nitasogeza."

"Ukinikosesha leo..."

"Utanirushia birika."

"Nitakurushia mlima mzima."

Saa kumi na moja mota ya kuba ikaungua.

Ilitoa moshi mmoja mweusi, ikanyamaza, na Fundi alipoifungua akakuta na breki yake imekatika vipande viwili. Hakupoteza muda kulaani. Alichomoa mota, akachomeka hendeli ya chuma kwenye lile gurudumu kubwa la ukutani lenye meno na miguu sita kama spoki, akajaribu. Kuba likalia, likasogea.

"Nitalizungusha kwa mkono," alimwambia Daktari.

"Dakika arobaini? Na upepo huu?"

"Ni jambo moja tu. Nikishaanza siwezi kuachia. Breki hakuna. Nikiachia, upepo unalisukuma kuba linarudi nyuma, na hendeli hii inazunguka kama panga la feni. Fundi aliyekuwapo kabla yangu ilimtoa meno manne."

Daktari aliitazama mikono ya Fundi. Ilikuwa mipana, vifundo vimevimba na kupona vibaya. Aliijua historia yake, nusu. Mwezi wao wa kwanza Fundi alimwambia kwamba aliwahi kufungwa miezi minane kwa kumpiga mtu. Mwanamke mwingine angeuliza nani, na wapi. Daktari aliuliza, "Utapiga tena?" Akamwapisha palepale. Ngumi moja tu, ya mtu yeyote, kwa sababu yoyote, na wao wawili basi. Baba yake alikuwa mpigaji, alisema. Alikulia kwenye nyumba ambayo sahani zilikuwa za plastiki kwa sababu maalumu. Fundi alikuwa na swali kuhusu vikombe, lakini alilimeza.

Alichoficha kilikuwa kidogo, au yeye alikiona kidogo. Kabla ya mlimani alifanya kazi machimboni, akipasua mawe, na huko hawakumwita Fundi. Walimwita Nyundo. Mtu aliyempiga alikuwa dereva aliyekuja kupakia kokoto. Walipigania zamu, dakika tatu tu, na taya la yule mtu likavunjika vipande. Jina lake Fundi alilisikia mahakamani, akalisahau kwa makusudi.

"Mama amekujibu kuhusu ile picha yetu uliyomtumia?" aliuliza.

"Siku ya tano hii, kimya." Daktari alivuta pumzi. "Atazoea. Mara ya mwisho alisema mfungwa na darasa la sita kwa pamoja vimemzidi, angalau ningechagua kimoja."

Fundi akacheka. Kisha akasogeza spika ndogo ya ukutani karibu na gurudumu na kukibana kitufe chake kwa utepe, ili wasikilizane bila yeye kutumia mikono, ingawa aliyesimama mbali nayo alisikika kama kelele tu. Taa zote zikazimwa. Ufa wa kuba ukafunguliwa upande wa machweo, mbingu ikiwa ya zambarau.

Saa moja na dakika nane, sauti ya Daktari ikatoka kwenye spika. "Uko kwenye kitovu?"

"Niko kwenye kitovu."

"Sogeza."

"Nimesogeza."

"Apa."

"Haki ya mama yangu, nimesogeza."

"Nafungua jicho. Dakika arobaini. Usiachie, Fundi."

"Siachii."

Kazi yenyewe ilikuwa ya punda. Kila dakika mbili, mizunguko minne mbele, katikati, kushikilia. Upepo ulikuwa ukija kwa mapigo. Ukipiga, hendeli inamvuta mabega kama ng'ombe aliyekataa kamba. Dakika ya tisa akasikia lori. Lilikuwa linapanda kwa gia ndogo, linakohoa. Hakuna lori lililotarajiwa. Lilisimama nje. Mlango mmoja ukafunguliwa, ukabamizwa.

Mlango wa chuma wa kuba ukala teke, ukafunguka. Mwanga wa tochi ukaruka ndani.

"Zima tochi!" alinguruma Fundi.

"Ati nini?"

"Zima! Jicho liko wazi!"

"Mwanga!" ilipiga kelele spika. "Fundi, nani kawasha mwanga?"

Mtu aliyeingia alicheka, kicheko cha upande mmoja. Alikuwa mrefu, jaketi la udereva, na mkono wa pili umeshika spana ya magurudumu, ndefu kama mguu wa meza. Alijimulika uso mwenyewe, makusudi, ili aonekane. Taya lake lilikuwa limehamia kushoto, kama droo iliyofungwa vibaya.

Fundi akajua. Jina unaweza kulisahau, lakini kazi ya mkono wako huisahau.

"Unanikumbuka, Nyundo?"

"Nakukumbuka. Zima tochi, kaka, nakuomba."

"Usiniite kaka! Mimi nina mdogo mmoja tu duniani, na yuko nyuma ya ukuta huo."

Hapo Fundi akageuza macho kwenye ukuta wa chumba cha Daktari. Upepo ukapiga, hendeli ikamvuta, akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja na kuishikilia.

"Picha yako ilifika nyumbani nikiwa nakula," alisema Kaka. "Unajua ninavyokula mimi? Nakula uji. Mwaka wa saba. Nikipewa nyama, wenzangu wananawa, wanalala, mimi bado natafuna. Mama ananionyesha simu, ananiambia tazama shemeji yako. Nikatazama." Akatema mate. "Mama yuko kwenye lori. Nimekuja kumchukua mdogo wangu. Lakini kwanza wewe."

"Haki yako," alisema Fundi. "Nipige unavyotaka. Ila nipige gizani."

Kaka akaduwaa. Kwa miaka saba alikuwa ameyapanga maneno ya siku hiyo, na hayo hayakuwamo. Akaizima tochi. Kisha spana ikashuka.

Ya kwanza ilimpata Fundi begani. Ya pili mgongoni, chini ya ubavu, pumzi yote ikamtoka. Ya tatu ilikuwa ngumi, ikafungua tena kidonda cha kikombe.

"Rudisha!" Kaka alifoka. "Rudisha ngumi, mwanaume wewe!"

"Nina kazi."

"Fundi," spika ikasema, "kuba linachelewa. Minne. Na hizo kelele ni za nini?"

"Hakuna kitu. Endelea." Akazungusha. Moja. Mbili. Spana ikampata kiunoni. Tatu. Nne.

"Hakuna kitu?" Kaka aliisogelea spika. "Mimi ndiye hakuna kitu? Mdogo wangu, unanisikia?"

"Kaka?" ikauliza spika.

"Ndiyo. Sasa muulize huyo bwana wako anaitwa nani. Hilo la Fundi ni la huku juu. Muulize la machimboni. Sema, wewe! Sema usikike!"

Fundi alilamba damu mdomoni. "Nyundo," alisema.

Nyumbani kwao jina hilo lilitajwa kila siku saa ya chakula, kama watu wengine wanavyotaja la Mungu. Daktari alikuwa masomoni ng'ambo wakati taya la kaka yake lilipovunjwa. Alirudi akakuta uso mpya na jina hilo. Fundi hakuyajua haya. Alichosikia ni pumzi tu kwenye spika, ndefu, ya mtu aliyepigwa tumboni.

"Ulijua?" Daktari aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Nimejua sasa hivi. Nilipoliona taya."

"Umempiga leo?"

"Mikono yangu iko kwenye hendeli."

"Njoo huku nje!" Kaka alipiga kelele kwenye spika. "Njoo tuondoke, au nimmalize kabisa na wewe usikie!"

Fundi alisubiri kusikia kiti kikisukumwa, mlango ukifunguliwa. Alimjua. Angekuja, na angekuja na kitu mkononi, na nyota ingekufa bila kusema neno. Wala asingemlaumu. Nani angeweza kukaa?

"Dakika kumi na tisa zimebaki," ilisema spika. Sauti ilikuwa inalia, lakini ilikuwa inasoma saa. "Kaka."

"Nini?"

"Usimpige mikononi."

Fundi akaanza kucheka. Alicheka na meno yake mekundu, mbavu zikimchoma, akishindwa kujizuia.

"Umemsikia?" alisema Kaka, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na hakika. "Umemsikia mpenzi wako?"

"Nimemsikia. Ndiyo maana nampenda."

Hilo lilimtia Kaka wazimu. Aliitupa spana, akamrukia. Akamkaba shingo kwa nyuma, akampiga goti kwenye figo, moja, mbili, kisha akaanza kumbandua vidole kwenye hendeli, kimoja kimoja, kama anayebandua kupe. Mkono wa kulia ukatoka. Teke likamwingia Fundi tumboni, wa kushoto nao ukateleza. Kaka akainama juu ya gurudumu, akitafuta ni kitu gani hasa hiki ambacho mtu anakubali kufa nacho.

Na upepo ukapiga.

Fundi aliusikia kabla haujafika. Alishaujua unavyovuta pumzi. Kuba likaguna. Gurudumu likaanza kurudi nyuma. Hendeli ilikuwa shibiri moja chini ya uso wa Kaka, chini ya lile taya lenyewe. Ilikuwa rahisi sana. Asingehitaji kunyanyua ngumi. Asingevunja kiapo chochote. Angekaa tu pale alipoanguka, na chuma kingefanya kazi ya Nyundo.

Akaupenyeza mkono wake wa kushoto katikati ya miguu ya gurudumu, mpaka kwenye kiwiko.

Mfupa ulilia kama kuni kavu. Gurudumu likasimama. Hendeli ikabaki imegusa kidevu cha Kaka, haikumkwaruza hata.

Fundi alipiga ukelele mmoja, akaukata katikati kwa kung'ata ukosi wa shati lake.

"Fundi!" iliita spika. "Fundi!"

"Shika... hendeli," alimwambia Kaka. "Ishike! Zungusha mbele. Mkono wangu uko ndani."

Kaka aliishika. Gizani walikuwa wamekaribiana sana, pumzi moja ya uji, nyingine ya damu.

"Nikizungusha nyuma?" aliuliza Kaka.

"Unaukata."

Fundi alisikia jinsi Kaka anavyohema. Miaka saba yote ya uji ilikuwa sasa kwenye viganja vya yule mtu, na uzito wake ulikuwa robo mzunguko tu.

Kaka akazungusha mbele.

Mkono ukatoka, umeinama mahali ambapo mkono hauinami. Fundi akateleza chini ya ukuta.

"Usiachie," alisema kwa pumzi. "Ukiachia itakurudi tayani."

"Labda itaninyoosha," alisema Kaka. Lakini hakuachia.

"Fundi, kuba! Minne!"

"Minne, kaka. Mbele. Taratibu. Usiivute kwa mikono, ivute kwa kiuno."

"Nilikwambia usiniite kaka." Akazungusha minne.

Wakaenda hivyo. Mmoja amekaa sakafuni anahesabu, mwingine anazungusha huku akitukana, na kila upepo ukipiga matusi yalibadilika kuwa ya nguvu zaidi. Dakika ya thelathini na nne mlango ukasukumwa, mwanamke mfupi aliyejifunga mtandio akaingia na tochi mbele.

"Mwanangu, mbona mmekawia, mnafanya nini humu gi..."

"Mama, zima tochi!" Kaka alifoka.

Mama akaizima kwa woga. Katika maisha yake hakuwahi kufokewa na mwanawe huyo. Alisimama pale mlangoni, asielewe kwa nini mwanawe anamfanyia kazi adui yake gizani, wala kwa nini adui anamwambia, "Vizuri, hivyohivyo."

"Nimefunga," ilisema spika. "Arobaini kamili. Nimefunga jicho."

Mlango wa ndani ulifunguka kwa kishindo. Taa zikawaka. Daktari alimwendea kwanza kaka yake, akampiga kibao kilichosikika mpaka juu ya kuba. Kaka hakujikinga, mikono yake bado ilikuwa kwenye hendeli.

"Amekupiga?" Daktari alimuuliza.

"Nani?"

"Huyu! Fundi! Nyundo! Vyovyote anavyoitwa! Amekupiga, hata mara moja?"

Kaka alimtazama mtu aliyekaa sakafuni. Taya lake lilisogea kushoto, likarudi. Ingemtosha kusema ndiyo. Neno moja, na mdogo wake angepanda lori.

"Hapana," alisema.

"Hata kidogo?"

"Nimesema hapana! Unataka niimbe?"

Ndipo Daktari alipopiga magoti. Aliuona mkono, akaziba mdomo kwa viganja.

"Nilimwambia asipige mikononi," alisema.

"Hakupiga. Huu niliuweka mwenyewe." Fundi alijaribu kutabasamu. "Na mgongo wangu je? Ulimruhusu mgongo."

"Mgongo hauzungushi kuba." Akaanza kulia kwa sauti, akamshika kichwa, akakigandamiza kifuani kwake kwa nguvu mpaka Fundi akaguna. "Ningetoka. Nilisimama mara tatu. Mara tatu, Fundi. Ningetoka ungenichukia?"

"Kidogo."

"Mungu wangu, una wazimu."

"Tuko wawili."

Waliteremka na lori wote wanne, kwenda hospitali ya chini ya mlima. Kaka kwenye usukani. Daktari mlangoni, kompyuta mapajani. Katikati Fundi, amebanwa na Mama, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuuweka, mkono uliovunjika, umefungiwa kipande cha mbao, ulilazwa juu ya mapaja ya Mama. Mama aliutazama kama mtoto wa jirani aliyelazimishwa kumbeba.

"Usiutikise," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa Fundi.

"Ndiyo, Mama."

Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja wa mwanga, mnene, wenye vilima. Daktari aliukodolea macho, mabega yakamshuka.

"Galaksi tena," alisema. "Nyota imo, lakini imefifia mno. Imezama kwenye mwanga wa galaksi kama maziwa kwenye chai. Sioni yapi maziwa, ipi chai."

Fundi alifumbua jicho moja, lile lililokuwa bado linafumbuka. "Si uitoe galaksi?"

"Kuitoa inataka niwe na mwanga wa galaksi peke yake. Bila nyota. Chombo hikihiki, mwanya huuhuu. Watu husubiri mwaka mzima nyota ife kabisa ndipo..." Akanyamaza. Akageuza shingo polepole, akamtazama. "Ninayo."

"Ya jana," alisema Fundi.

"Ya jana. Safi. Imetulia kama bibi harusi." Vidole vyake vilikuwa tayari vinakimbia. Alichukua mwanga wa leo, akatoa wa jana. Vilima vilianguka kimoja baada ya kingine, mstari ukalala chini kabisa, na katikati ya utupu ule likabaki tuta moja pana, limeinuka peke yake.

Daktari alitoa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwake.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza Mama, amenyoosha shingo bila kutaka.

"Ndiyo hiyo, Mama."

"Hicho kinundu?"

"Hicho kinundu."

"Na kwa hicho ndiyo wameuana?"

Lori lilikata kona, taa zake zikafagia miamba. Kaka alipunguza mwendo. Kisha akauliza, macho barabarani:

"Plasta inakaa wiki ngapi?"

"Sita," alisema Daktari. "Kwa nini?"

"Sijamsamehe. Isieleweke vibaya. Nikila uji kesho nitamlaani kama kawaida." Akabadilisha gia. "Lakini akitaka kuja nyumbani kukuomba kwa Mama, aje ndani ya hizo wiki sita. Plasta ikitoka, mlango umefungwa. Sebuleni kwetu haingii na mikono yote miwili."

Daktari aliuma mdomo. Fundi akamtazama Mama, maana yeye ndiye mwenye sebule.

Mama hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Mbele palikuwa na shimo barabarani, na lori lilipolikaribia, aliuinua ule mkono kutoka mapajani mwake kwa viganja viwili, akaushikilia hewani mpaka matairi yote yakapita.